Kikokotoo cha Bi Futa

Saa tatu na robo asubuhi Meneja wa chama cha akiba na mikopo aliweka mezani mikataba sitini na mitatu, akaipiga kwa kiganja mara mbili, akamwambia Inspekta kwamba kazi ilikuwa imekwisha, imebaki kuandikwa tu.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi wa dawati la makosa ya fedha, mwenye miwani iliyofungwa uzi na begi la ngozi lililochakaa pembe zote nne. Kuambiwa kazi imekwisha alishaambiwa mara nyingi, na kila alipoambiwa hivyo alivuta kiti akakaa. Ndivyo alivyofanya. Akaomba aelezwe tangu mwanzo, pole pole, kama mtu asiyejua lolote.

Meneja akaeleza. Mwezi uliopita chama kilinunua programu mpya ya kompyuta. Kabla ya hapo, rejesho la kila mkopo lilikokotolewa na afisa mikopo kwa kikokotoo chake cha mkononi, likaandikwa kwenye mkataba, Meneja akatia saini, basi. Programu ilipolishwa mikataba ya zamani, ilikubali yote ya miaka ya nyuma bila neno. Ilipofika mikataba ya miezi kumi ya mwisho, ikawaka nyekundu mstari hadi mstari. Kila mkopaji alikuwa analipa pungufu ya anavyopaswa. Ukijumlisha, chama kilikuwa kimeshakosa laki sita na ushei, na mikopo mingi ilikuwa bado michanga.

Afisa mikopo alikuwa mmoja tu, mama wa miaka hamsini na tisa aliyebakiza miezi minane kustaafu. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mwenyekiti wa bodi, wote walimwita Bi Futa. Kwa maoni ya Meneja, Bi Futa aliwapunguzia wakopaji kidogo kidogo, nao wakamrudishia chai chini ya meza. Bodi ingekaa saa nane mchana. Ikimwona ana hatia, angefukuzwa siku hiyo hiyo, kiinua mgongo cha miaka ishirini na sita kingepotea, na faili lingekwenda mahakamani.

"Na chai yenyewe umeiona?" Inspekta aliuliza.

"Nenda ofisini kwake," Meneja akasema. "Utaikuta ina miguu minne."

Ofisi ya Bi Futa ilikuwa chumba cha mwisho kwenye ujia, chenye dirisha moja na usafi wa kutia aibu ofisi nyingine. Jambo la kwanza Inspekta aliloona ni stika. Mtu mwenye bidii nyingi na kazi chache alikuwa ameibandika kila mali ya chama stika nyeupe yenye namba: meza, kabati, ndoo ya taka, kioo cha ukutani, hadi stepla. Saa ya ukutani nayo ilikuwa nayo, imebandikwa kwenye kioo chake, juu kabisa, ikiwa imemeza namba kumi na mbili yote. Inspekta alitaka kucheka, akajizuia, kwa sababu mwenye ofisi alikuwa amesimama mbele yake, akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

Kitu kimoja tu hakikuwa na stika. Kilikuwa kiti cha mbao nzito ya kahawia, chenye mgongo uliopindwa kwa ustadi na mahali pa kuegemeza mikono. Kiti cha namna hiyo huwezi kukinunua kwa mshahara wa chama.

"Kiti hiki ni cha nani, mama?"

"Changu," Bi Futa alijibu. "Nimepewa na mwanachama wetu mmoja, seremala. Nilikipokea miezi kumi iliyopita, wiki moja baada ya kusaini mkopo wake. Najua kinavyoonekana, mwanangu. Lakini umeniuliza na mimi nimekujibu."

Inspekta aliandika yote. Wapo watu wanaokumbuka tarehe zinazowasaidia na kusahau zinazowaumiza, na huyu hakuwa mmoja wao. Hilo nalo aliliandika, pembeni, kwa herufi ndogo.

Kisha akamwomba amwonyeshe anavyofanya hesabu. Bi Futa akafungua droo akatoa kikokotoo cheusi cha hesabu za fedha, kile chenye vitufe vitano vya safu moja. Hata hicho kilikuwa na stika yake, namba 117, imebandikwa kwa unadhifu juu ya kioo kama kitambaa cha paji la uso. Mama yule alipokishika tu, mikono ikatulia.

Akaeleza kama aliyekwisha kueleza mara elfu. Laki niliyo nayo leo na laki utakayonipa mwakani si pesa moja, kwa sababu ya leo inaweza kuanza kazi leo. Vitufe vitano vinalinda habari hiyo: idadi ya miezi, riba, thamani ya leo, malipo ya kila mwezi na thamani ya mwisho. Ukikipa vinne, kinakupa cha tano. Ila kabla hujakiuliza chochote, lazima ufute namba za mteja aliyetangulia, la sivyo deni la mtu mmoja litaingia kwenye shingo ya mwingine. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewaambia wafanyakazi wapya, wakopaji, hata wachungaji na mashehe waliokuja kukopea majengo, "Futa kwanza," na jina likamganda.

"Fanya mkopo wa seremala," Inspekta alisema, akatoa kikokotoo chake kwenye begi. "Na mimi nafanya wa kwangu."

Wote wawili wakafuta. Miezi ishirini na minne. Riba asilimia moja na nusu kwa mwezi. Thamani ya leo milioni mbili. Thamani ya mwisho sifuri, maana siku ya mwisho deni liwe limekwisha. Wakabonyeza kitufe cha malipo karibu kwa pamoja, na kila kioo kikaleta jibu lake likiwa na alama ya kutoa mbele, kuonyesha kwamba pesa hiyo inatoka mfukoni mwa mkopaji.

Cha Inspekta kilisema 99,848. Cha Bi Futa kilisema 98,373.

Bi Futa akafuta, akarudia. 98,373. Akafuta tena, akakiweka mezani, akakisukuma mbali naye kwa kidole kimoja. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kukilinganisha na kingine, kwa sababu ofisi nzima ilikuwa na hicho kimoja.

Inspekta alikiinamia kikokotoo kile, akakitazama kioo kutoka kushoto hadi kulia akitafuta alama yoyote ya mpangilio usio wa kawaida. Hakuona kitu zaidi ya tarakimu. Akakitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika saa, akamfanya Bi Futa atie saini juu ya kifungio. Kwa wakati huo alikuwa na dhana mbili, na zote zilikuwa mbaya kwa mama yule: ama kikokotoo kimechezewa kwa makusudi, ama kimeharibika na yeye ameutumia ubovu huo kujipatia marafiki.

Saa nne na nusu alikuwa kwenye karakana ya seremala, mitaa miwili nyuma ya ofisi. Seremala alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini na kitu, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Alipoona kitambulisho alizima mashine ya randa, akasema hana risiti, hana karatasi, hajui kitu, na kwa mtu asiyejua kitu alitoka jasho jingi.

Inspekta hakumsukuma. Alizunguka karakana, akashika meza moja, akasifu maungio yake, na sifa zile zilikuwa za kweli. Kisha akamweleza wazi kwamba saa nane Bi Futa anafukuzwa, na kwamba sababu mojawapo ni kiti. Seremala akakaa juu ya rundo la mbao. Halafu akainuka, akaenda kwenye sanduku la misumari, akatoa chini yake karatasi mbili zilizokunjwa.

Ya kwanza ilikuwa ya mkono wa Bi Futa, tarehe tatu, miezi kumi iliyopita. Milioni mbili, miezi ishirini na minne, rejesho 99,848. Ya pili ilikuwa nakala ya mkataba wa tarehe kumi, mwezi ule ule, mkopo ule ule. Rejesho 98,373.

"Nikaona imeshuka," seremala alisema. "Nikasema moyoni, mama huyu kanihurumia. Sikuuliza. Ningeuliza ningemtia matatani. Tangu siku hiyo karatasi hii nimeificha, dada, kwa ajili yake, siyo kwa ajili yangu."

"Na kiti?"

"Kiti hakihusiani na huruma hiyo."

Akasimulia. Miaka miwili nyuma alikwenda kukopa milioni nane kwa miezi sitini, anunue mashine kubwa na duka la mbele ya barabara. Bi Futa alimkalisha, akafuta, akabonyeza, akamgeuzia kioo: kila mwezi laki mbili na elfu tatu na zaidi, na ukimaliza utakuwa umerudisha milioni kumi na mbili na ushei. Akamuuliza karakana inaingiza kiasi gani mwezi mbaya. Alipotajiwa, akamnyima. Akamwambia aweke akiba kwanza, arudi kwa mkopo mdogo. Seremala alitoka pale amevimba kwa hasira, akamsema vibaya mtaa mzima. Jirani yake wa karakana ya pili alikopa kiasi hicho hicho kwingine. Leo karakana ya jirani ilikuwa imefungwa kwa kufuli la mkopeshaji, na jirani alikuwa akifanya kibarua hapa hapa, ndiye yule aliyekuwa akipiga msasa pale mlangoni.

"Hicho kiti nilikianza mapema," seremala akasema. "Kazi za wateja zikakichelewesha. Pindua uone chini. Sisi huandika tarehe."

Inspekta alimshukuru. Kwa kweli habari ya kiti ilikuwa imemfurahisha, ingawa karatasi alizobeba zilikuwa na sura ya msumari wa mwisho kwenye jeneza la Bi Futa. Mama aliyesema 99,848 tarehe tatu na 98,373 tarehe kumi alikuwa na maelezo ya kutoa.

Alirudi saa tano na nusu. Bi Futa alikuwa ameambiwa asubiri mapokezi, kwa hiyo ofisi ilikuwa tupu. Inspekta akapindua kiti. Chini ya ubao wa kukalia palikuwa na maandishi ya penseli, na juu yake vanishi. Utepe wa mbao uliopigiliwa kushikilia ubao ulikuwa umefunika mkia wa herufi mbili. Yaani maandishi yalikuwepo kabla kiti hakijaunganishwa. Tarehe ilikuwa ya miezi mitatu kabla ya mkataba, miezi mitatu kabla ya rejesho lolote kushuka. Na chini ya tarehe: *Kwa Bi Futa, aliyeninyima. Asante.*

Inspekta alisoma, akakirudisha kiti kwenye miguu yake taratibu. Mtu hutoa hongo kwa anayempa, wala si kwa aliyemnyima. Dhana ya chai ya miguu minne ikafa pale pale, ila ile tofauti ya namba ilikuwa bado hai.

Akatandaza mikataba mezani. Hakuchagua, alivuta kumi na miwili kama karata. Kwa kila mmoja alichukua rejesho la programu akaligawa kwa rejesho la mkataba. Mshona nguo wa laki sita, miezi kumi na miwili: 55,008 kwa 54,195. Jibu 1.015. Seremala: 1.015. Mfuga kuku: 1.015. Mkopo mkubwa, mdogo, mrefu, mfupi, jibu lilikuwa moja, ukiondoa tofauti ndogo za kukadiria desimali. Wa kumi na moja ulimfanya avue miwani aifute. Milioni tano, miezi thelathini na sita, 180,762 kwa 178,091. Mkopaji alikuwa Meneja mwenyewe. Alikuwa amepunguziwa elfu mbili na mia sita na sabini na moja kila mwezi, na saini ya kuidhinisha ilikuwa yake pia.

Kwa hiyo Bi Futa alikuwa amempendelea mtu anayetaka kumfukuza, kwa kipimo kile kile alichompendelea mfuga kuku. Anayeiba hapimi hivyo. Anayeiba humpa huyu kingi, yule kidogo, kutegemea atakachopata kwake. Moja nukta sifuri moja tano ilikuwa asilimia moja na nusu kamili, riba ya mwezi mmoja. Kila mkopo ulikuwa umekosa riba ya mwezi mmoja, kana kwamba kikokotoo kiliamini mkopaji analipa rejesho la kwanza siku ile ile anayochukua mkopo, na sio mwezi unapokwisha.

Na hapo Inspekta alijua kilichotokea. Vikokotoo hivi vina mpangilio wa aina mbili, malipo ya mwanzo wa mwezi na malipo ya mwisho wa mwezi. Kikiwa kwenye mwanzo, herufi tatu ndogo, BGN, hutokea juu ya kioo kukuonya. Tatizo ni kwamba alikitazama mwenyewe kwa macho yake na herufi hazikuwepo.

Aliinua macho kuangalia amebakiwa na muda gani. Mishale yote miwili ya saa ya ukutani ilikuwa imesimama wima, na ncha zake zimezama chini ya stika. Saa sita kamili, na ile namba ya kuonyesha hivyo haionekani. Inspekta aliitazama saa ile, kisha akautazama mfuko wa ushahidi. Akatoka mbio kwenda stoo.

Mtunza stoo alikuwa mzee mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliulizwa kuhusu stika akaona siku yake imewadia, maana kwa miezi kumi hakuna aliyemuuliza ila kumcheka. Alifungua daftari la mali, akaweka kidole kwenye namba 117, akasoma kwa sauti ya kutangaza.

"Kalkuleta ya afisa mikopo. Imepokewa stoo Alhamisi tarehe nne. Imeazimwa na Meneja siku hiyo hiyo, hesabu za kodi ya jengo. Imerudishwa Ijumaa jioni. Imebandikwa. Imekabidhiwa kwa mwenyewe Jumatatu tarehe nane."

"Kwa nini stika uliiweka mbele, mzee wangu?"

"Nyuma kuna mlango wa betri, mama. Siku ya kubadilisha betri ingechanika. Mimi nilifikiria mbali." Inspekta akauliza, na saa ya ukutani je? Mzee akajibu kwamba saa ukiibandika nyuma, nani ataona.

Inspekta alikishika kile kiganja chenye wino akakitikisa kwa mikono yake miwili. Alimwambia kwamba katika miaka kumi na tisa ya kazi hajaona daftari zuri kama lile, na alimaanisha. Bidii ya stika ndiyo iliyomponza Bi Futa, lakini uandishi wa mzee huyu ndio ungemwokoa, na vyote viwili vilitoka kwenye mkono mmoja.

Saa saba kasorobo walikuwa wanne ndani ya chumba cha mwisho kwenye ujia: Meneja, Bi Futa, mtunza stoo na Inspekta. Mfuko wa ushahidi ulifunguliwa mbele yao, muda ukaandikwa. Inspekta alifanya hesabu ya milioni mbili mara ya mwisho kikiwa kama kilivyo, 98,373, wote wakaona. Kisha akachukua wembe, akaupitisha chini ya ukingo wa stika namba 117, akaibandua kipande kwa kipande. Ilikuwa gundi ya kutegemewa.

Chini yake, juu kabisa ya kioo, kulikuwa na herufi tatu ndogo.

Meneja aliinama kuzisoma, na Inspekta akauona uso wake ukibadilika. Hakumuuliza kwanza. Alitoa kwenye begi nakala ya mkataba wa pango la jengo, aliyoiomba kwa katibu dakika ishirini kabla, akaiweka pembeni. Kodi hulipwa mwanzo wa kila mwezi, ilisema, na pembezoni kulikuwa na hesabu za kalamu nyekundu.

"Mwenye nyumba alitaka tumlipe miaka mitatu kwa mpigo," Meneja alisema hatimaye. "Nikataka kujua kama inalipa. Kodi ni ya mwanzo wa mwezi, kwa hiyo nikaweka mwanzo. Nilifundishwa kwenye semina." Akazigusa zile hesabu nyekundu. "Hesabu yangu ilikuwa sahihi."

"Sahihi kabisa," Inspekta alisema. "Nimeirudia. Ila hukurudisha mpangilio."

Meneja akatafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye kiti kile kisicho na stika.

Bi Futa alikuwa bado anakitazama kikokotoo. "Lakini mimi hufuta," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mteja nafuta."

Inspekta akamweleza kwa upole, kwa sababu hili ndilo lililomuuma mama yule kuliko kufukuzwa. Kufuta kunaondoa zile namba tano tu. Mwanzo au mwisho wa mwezi ni mpangilio, nao unabaki palepale hata ukifuta asubuhi hadi jioni, hata ukikizima ukaenda kulala. Kwa miaka yote ile haukuwahi kuguswa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuuogopa. Akabonyeza vitufe viwili vitatu. Zile herufi zikapotea. Akafuta, akaingiza milioni mbili ya seremala, na kioo kikasema 99,848.

Bi Futa alianza kulia, bila kelele, huku akitafuta leso kwenye mkoba. Mtunza stoo akampa yake. Meneja alisimama, akakunja mikono mbele kama mwanafunzi, akamwambia, "Mama, nisamehe," na kwa maneno hayo mawili peke yake Bi Futa alimshika bega akamwambia yameisha.

Bodi ilikaa saa nane, ikainuka saa nane na nusu. Meneja ndiye aliyesoma taarifa, na kwa heshima yake aliisoma yote, pamoja na mahali palipomtaja. Mashtaka yakafutwa. Iliamuliwa kwamba mikataba iliyosainiwa isiguswe, wanachama waelezwe ukweli, na atakayependa kufidia tofauti afidie kwa hiari yake. Meneja akatangaza kwamba yeye angeanza, ya miezi yote. Mwenyekiti akauliza kama chama kingeweza kununua kikokotoo cha pili. Katibu akaandika.

Inspekta alikuwa anafunga begi lake kwenye chumba cha mwisho pale seremala alipoingia, ameoga, shati safi. Siku ile ilikuwa tarehe kumi, siku ya rejesho lake la kumi, naye alikuwa amelipa dirishani na kupata habari zote kwenye foleni. Akaweka mezani bahasha. Alisema ni ile tofauti, elfu moja na mia nne na sabini na tano mara kumi, elfu kumi na nne na mia saba na hamsini kamili, amehesabu mara tatu. Alikuwa anatabasamu hadi masikioni, na Bi Futa alikuwa akimwangalia kama ndugu aliyerudi safarini.

Kisha Bi Futa akavuta kikokotoo. Alitazama kwanza juu ya kioo, sehemu ile tupu yenye mabaki ya gundi, akahakikisha. Akafuta. Miezi kumi. Riba moja na nusu. Thamani ya leo sifuri. Malipo 1,475. Akabonyeza kitufe cha thamani ya mwisho, akamgeuzia seremala kioo kama alivyomgeuzia miaka miwili nyuma.

"Elfu kumi na tano na mia saba na themanini na saba," alisema. "Pesa ya rejesho la kwanza ulipaswa kuileta miezi tisa iliyopita, mwanangu. Ingekuwa imefanya kazi muda wote huo. Umepungukiwa elfu moja na thelathini na saba."

Meneja, aliyekuwa mlangoni, aligeukia ujia. Inspekta alijifanya anatafuta kalamu. Seremala alimtazama mama yule, aliyeponea chupuchupu kupoteza kila kitu siku ile ile, akiwa ameshikilia elfu moja ya chama kana kwamba ni ya mamake mzazi. Akaingiza mkono mfukoni.

"Bi Futa," akasema, "umeninyima tena."

"Tena?" Bi Futa aliuliza. "Nilikunyima lini kabla ya leo?"

Hapo Inspekta akamwomba asimame. Akakipindua kiti, akakishikilia miguu juu, karibu na dirisha penye mwanga. Bi Futa akavaa miwani yake, akainama. Alisoma tarehe, akasoma maneno yaliyo chini yake, na alipomaliza aliinua kichwa akamtazama seremala. Akapapasa yale maandishi kwa kidole.

Wakakirudisha kiti chini. Akakaa. Akahesabu pesa zote, noti kwa noti, akavuta kitabu cha risiti akamwandikia seremala ya elfu kumi na tano na mia saba na themanini na saba. Akatia saini, na chini kabisa, mahali pasipoandikwa kitu kwenye risiti za chama, aliongeza neno moja: *Asante.*